Pini ya Pedali ya Kushoto

4 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo? Usingizi je, umerudi? Mimi sijambo kiasi. Mgongo ndio unaninyima raha, na masikio yameaga kabisa. Jirani akinisalimia namjibu habari za mvua. Ndiyo maana nakuandikia na sikupigii simu. Simu kwangu siku hizi ni kipande cha plastiki kinachotetemeka.

Barua yako ya mwezi jana ilikuwa na mistari sita, nimeihesabu. Miguu inavimba, daktari kakwambia uishughulishe, na wewe huishughulishi. Mwanangu, una miaka thelathini na mmoja. Mimi nina sabini, na miguu yangu inaingia viatuni bila kubembelezwa.

Nimekaa nikafikiri, na fikra zangu zote huishia kwenye baiskeli, si unanijua. Miaka arobaini ya ufundi haitoki kichwani kwa kustaafu. Ile baiskeli ya Spoki iko kwako. Nimemtaja mwanangu, samahani kama nimekushtua. Miezi minane imepita tangu aanguke kwenye mlima wa kiwanda cha chupa akienda kazini, na humu ndani hakuna anayemtaja, maana humu ndani niko peke yangu. Lakini jina la utani nililompa mwenyewe, kwa wembamba wake, sitaliacha.

Ipande ile baiskeli. Sisemi uende mbali. Ipande kidogo kila siku, kwa raha yako tu.

Ila kabla hujaipanda, ipeleke kwa fundi yeyote hapo mtaani abadilishe pini ya pedali ya kushoto. Ni kile kichuma kidogo, urefu wa kidole cha mwisho, kinachoubana mkono wa pedali usicheze. Ni kazi ya dakika tano. Najua sheria ya ukoo wetu, kwamba kazi ya mkono wangu haiguswi na mkono mwingine. Sheria hiyo nimeifuta mwenyewe. Usisahau pini.

Baba yako mkwe


21 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Nashukuru kusikia hujambo. Huo mgongo ukande kwa maji ya moto, usiuachie tu. Mimi nipo. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Baiskeli niende nayo wapi, Baba? Watu hupanda baiskeli kwenda kazini. Kazi yangu iko hatua nne kutoka kitandani. Nashona kola za sare za shule, dazeni kumi kwa siku. Vitambaa vinaletwa mlangoni Jumatatu, kola zinachukuliwa mlangoni Ijumaa. Nakanyaga pedali ya cherehani kutwa nzima na jioni najikuta nipo pale pale. Kama ni pedali, zangu zimenitosha.

Baiskeli nimeigeuza inatazama ukuta, nikaifunika shuka. Nikifungua macho asubuhi, kitu cha kwanza kuona ni umbo lake chini ya lile shuka. Siku nyingine nalala tena ili nisiione.

Na hiyo sheria ya mkono mwingine umeifuta lini? Mwanao hakuthubutu hata kulegeza nati uliyoikaza wewe. Angekusikia angecheka mpaka akae chini.

Nimejaza upepo tu kwenye magurudumu. Pampu ilikuwa mvunguni na mimi nilikuwa nafagia. Usije ukafikiri ni kitu.

Binti yako


9 Machi

Mwanangu,

Umejaza upepo! Nilimsomea jirani mstari huo, na sikusikia alichojibu, lakini alicheka. U hali gani? Mimi ni yule yule, mgongo ni ule ule.

Sasa nisikilize mimi fundi mzee. Shida yako ni kwamba huna safari. Basi tengeneza ya uongo. Asubuhi vaa kama mtu anayekwenda kazini. Funga mlango kwa ufunguo, panda, zunguka mtaa dakika kumi, rudi, fungua, ingia, keti kwenye cherehani. Umefika kazini. Jioni ukimaliza kola ya mwisho, funga tena, zunguka kwa upande wa pili, ingia. Umerudi nyumbani. Chumba ni kile kile, lakini mwili haujui, mwili unadanganyika kirahisi sana.

Usinicheke. Nilifanya hivyo miaka mitatu baada ya mama yake Spoki kutuacha. Karakana yangu ilikuwa uani, hatua sita kutoka jikoni, na nilikuwa nazunguka mtaa mzima ili nifike. Majirani waliniita Bwana Mzunguko. Niliwaacha waseme. Bila ile mizunguko, nadhani ningekaa kwenye kile kiti cha jikoni mpaka nioze.

Usibebe mzigo, maana ukibeba mzigo hiyo tayari ni kazi. Uzi ukikuishia, liache duka la karibu, nenda la mbali. Usishindane na mtu. Na ukiipata njia unayoipenda, irudie hiyo hiyo kila siku kama mtu anayerudia chai.

Hukunijibu kuhusu pini. Umempelekea fundi?

Baba yako mkwe


17 Aprili

Shikamoo Baba,

Marahaba yako naisikia hadi huku. Natumaini umeamka salama na mgongo umekuonea huruma.

Baba, naendesha. Hii ni wiki ya tano.

Siku ya kwanza nilianguka getini kabla sijatoka. Yule mama wa chumba cha tatu alikuwa anaanika nguo, alicheka mpaka akaangusha vibanio vyote, kisha akanishikia kiti kama wanavyoshikiwa watoto. Siku ya pili nilifika kona. Siku ya nne nilizunguka lile ghala la nyuma, penye ukuta mrefu usio na dirisha hata moja. Hakuna magari pale. Unasikia matairi yako tu.

Sasa njia yangu ni hiyo. Nazunguka ghala, napita karakana ya mbao ambako randa inaanza saa moja na harufu ya mbao mbichi inanifuata mpaka barabarani, halafu nashuka taratibu kandokando ya uzio wa shule. Na pale, Baba, niliwaona watoto wamevaa kola zangu. Miaka sita nashona kola na sikuwahi kuziona shingoni mwa mtu. Nilisimama, mguu mmoja chini, nikawatazama wakiingia. Kola moja ilikuwa imepinda upande. Niliitambua. Niliishona wiki ile baada ya mazishi, na hakuna aliyeirudisha.

Jumanne nilicheka peke yangu nikiteremka. Sauti ilitoka tu. Kisha nililia, lakini nilikuwa nimeshafika nyumbani, na kilio kile hakikuwa kama vile vya zamani. Miguu inaingia viatuni. Kola ni dazeni kumi na mbili sasa, sijui hata saa ngapi nazimaliza.

Naomba usinikataze jambo hili. Mwisho wa mwezi nataka kuupanda mlima wa kiwanda cha chupa. Nataka nisimame kwenye pedali kama alivyokuwa akisimama yeye, nipite pale alipoanguka, nifike juu. Nikifika juu nadhani nitaweza kulitoa lile shati lake nyuma ya mlango.

Pini sijabadilisha. Fundi wa kona ana maneno mengi, na kusema kweli sikupenda mkono mwingine uiguse. Inalia kidogo tu nikikanyaga kwa nguvu, kak, kak. Nimeshaizoea. Naona kama kuna mtu ananisindikiza.

Binti yako


26 Aprili

Mwanangu,

Shuka. Barua hii ikikukuta umesimama nayo mlangoni, iache baiskeli hapo hapo ulipo. Mlima usiuguse.

Pini ile ni mbovu na niliiweka mimi. Mara ya mwisho nilipokuja kwenu niliikagua baiskeli yake kama kawaida yangu, nikaikuta ya zamani imelika. Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, na mimi naondoka alfajiri. Nikaweka isiyofaa. Nikamwambia, hii itakushikilia, mwisho wa mwezi nikija nitaleta nzuri. Mwisho wa mwezi mgongo ukauma, sikuja. Mwezi uliofuata akaanguka.

Dereva wa lori lililomgonga alisema mtu alianguka mbele yake ghafla, kama aliyekosa ngazi. Sote tulimwita mwongo. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote.

Tangu mazishi sijaja kukuona kwa sababu ya pini hiyo, si kwa sababu ya mgongo. Na nilikuhimiza uende kwa fundi kwa sababu nilitaka uendeshe salama, lakini pia nilitaka mtu aitoe, aitazame, aniambie. Mimi mwenyewe nimeshindwa.

Jirani amekupigia mara nne. Simu yako imezimwa. Najua uliizima siku ulipopewa habari zile. Iwashe, nakuomba.

Baba yako


30 Mei

Mwanangu,

Hii ni barua ya tatu tangu ile. Siulizi kama hujambo. Niandikie neno moja tu, hata likiwa tusi, nijue kuna mkono ulioishika kalamu.

Karakana nimeifunga.

Baba yako


12 Julai

Kwa baba wa mume wangu,

Nipo hai. Samahani kwa kuchelewa, ingawa sioni haya sana.

Barua yako ya Aprili ilifika tarehe saba Mei. Mlima nilikuwa nimeshaupanda wiki moja kabla. Nilisimama kwenye pedali, nikafika juu, nikashuka. Pini ilishika.

Nitakuambia nilichokasirikia, kisha tusilirudie. Ulikaa na jambo hilo kifuani miezi kumi. Ulikaa nalo msibani, ukishikana mikono na watu. Ulinifundisha mizunguko, ukanifurahisha, na muda wote huo ulijua kilichokuwa chini ya mguu wangu, ukanitajia kwa sentensi mbili mwishoni mwa barua kama mtu anayekumbusha chumvi. Ungesema tangu siku ya kwanza, ningeelewa. Au nisingeelewa, lakini ningejua.

Basi. Baada ya barua yako nilimpelekea fundi wa kona. Aliitoa pini, akaigeuzageuza, akasema ni nzima, haina kasoro. Ameweka nyingine na naendelea kuendesha kila siku, asubuhi na jioni. Ile aliyoitoa nimeifunga kwenye kitambaa, imo humu ndani ya bahasha. Iangalie mwenyewe. Lori ndilo lililomuua mwanao.

Lala sasa.

Mke wa mwanao


3 Agosti

Mkwe wangu,

Bahasha imefika. Natumaini u mzima. Niliifungua mchana kweupe, juu ya meza yangu ya kazi, na miwani yote miwili.

Pini uliyonitumia ni nzuri sana. Ni ya kiwandani, chuma kigumu, na haijawahi kuingia kwenye baiskeli yoyote. Uliisugua kidogo kwenye saruji, nimeona mikwaruzo. Ulijitahidi. Lakini umemdanganya mtu aliyeshika vichuma hivi miaka arobaini.

Mimi pia sikukuambia yote. Nilikuambia niliweka isiyofaa, ukadhani ni pini iliyochakaa. Haikuwa pini. Sikuwa na pini. Nilichukua boliti ya mguu wa kitanda chenu cha zamani, ile iliyokuwa imebaki kwenye kopo, nikaichonga kwa tupa kizingitini pako wakati wewe unaosha vyombo. Kidole gumba changu cha kulia kimekatika ncha, kwa hiyo tupa yangu daima huvuta upande. Ningeitambua kazi hiyo hata nikiwa kipofu. Boliti ya kitanda ni chuma laini. Nimewafokea mafundi wadogo maisha yangu yote kwa kosa hilo, na mmoja nilimfukuza. Kisha nikamfanyia mwanangu.

Kwa hiyo nijibu kama unavyomjibu mtu mzima. Ile yangu iko wapi, na ikoje? Usinihurumie, mwanangu. Nimekwisha kukaa na jambo hili muda mrefu kuliko unavyodhani, na huruma yako ya uongo hainipi usingizi, inaniongezea tu mtu wa kumfikiria.

Yule dereva wa lori nimemwandikia. Hajanijibu, na sitegemei anijibu.

Kama kweli unaendesha, endelea. Hilo tu ndilo lililonitoka jema.

Fundi


19 Agosti

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta unakula. Jirani yako ameniambia huli. Ndiyo, simu nimeiwasha. Wa kwanza kupiga alikuwa yeye.

Umeniomba ukweli. Utausoma ukiwa umekaa.

Mlimani sikufika juu. Nilisimama kwenye pedali kama nilivyokwambia, na pale pale alipoanguka yeye, kwenye ule ukuta wenye rangi ya bluu, pedali ya kushoto iliniponyoka chini ya mguu. Ilikuwa kama ulivyoandika, kama mtu aliyekosa ngazi. Niliangukia barabarani kwa ubavu. Hakukuwa na gari nyuma yangu. Hiyo tu ndiyo tofauti yangu na yeye. Nilikaa pale nikatazama barabara, na nilijua kabla barua yako haijafika. Barua yako ilinipa tu jina la fundi.

Niliikokota mpaka nyumbani. Fundi wa kona sikumpelekea. Niliitoa pini mwenyewe kwa nyundo ya mama wa chumba cha tatu, na ilitoka bila kubishana. Imepondeka nusu, imepinda kama mbegu ya embe iliyokanyagwa. Mistari ya tupa yako bado inaonekana upande mmoja, na inavuta upande kweli. Ninayo. Siitumi. Ukitaka kuiona, iko kwenye droo ya cherehani.

Sijaendesha tangu siku ile. Nilikudanganya. Miguu imevimba tena, kola zimerudi dazeni tisa, na shati lake bado liko nyuma ya mlango.

Sasa ile pini nzuri niliyokutumia. Unadhani niliinunua. Sikuinunua, Baba. Niliikuta siku niliyokuwa natafuta mahali pa kuiweka ile yako. Ilikuwa ndani kabisa ya droo hiyo hiyo, imeviringishwa kwenye kipande cha gazeti, na mara tu nilipoiona nikakumbuka. Aliinunua yeye, wiki ya pili baada ya wewe kuondoka. Kak, kak ilikuwa imeanza kumkera. Nilimwambia, si uipeleke kwa fundi wa kona, dakika tano tu. Akasema, "Mzee akija akute mkono mwingine umepita hapa, atanuna hadi mwakani. Ngoja aje aiweke mwenyewe." Tulicheka. Mimi pia nilicheka, Baba. Nilikuwa nakata kola, nikacheka, nikaendelea kukata.

Alikusubiri mwisho wa mwezi. Hukuja, akasubiri mwezi uliofuata. Alipita kwenye mlima ule kila asubuhi na pini nzima iko kwenye droo yangu, karibu na mkasi.

Nilikutumia ile kwa uongo kwa sababu niliona afadhali mmoja wetu alale. Niliisugua kwenye saruji ya kizingiti, pale pale ulipokaa na tupa yako. Sikujua hilo wakati ule.

Kwa hiyo pini unayo wewe na baiskeli ninayo mimi. Nimeligeuza gurudumu la mbele, sasa inatazama mlango. Shuka nimelifua. Mkono wa pedali wa kushoto unaning'inia, na hakuna fundi nitakayemruhusu aushike.

Njoo uiweke. Usilete zawadi wala maneno ya msibani. Lete pini hiyo, nyundo na spana. Kama mgongo unauma, njoo nao hivyo hivyo. Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Siku nyingine nikiiona kola yoyote iliyopinda nakuchukia upya. Lakini yeye alikuwa anausubiri mkono wako, na mimi siwezi kumpa mwingine.

Ukishaikaza, nitatoka. Nitazunguka ghala, nitapita karakana ya mbao, nitateremka shuleni, nitarudi. Ni dakika kumi, kumi na tano watoto wakiwa wengi. Wewe utakaa kizingitini unisubiri, bila kunifuata na bila kumtuma mtu. Utausikiliza mlango wa geti kwa hayo masikio yako yaliyokufa, kama nilivyousikiliza mimi siku ile mpaka wakaja watu wengine.

Binti yako